Mama yake Mwalimu Sesilia, mwanamke aliyepita watu bila kusalimia

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa najua kwenye jukwaa hili mmebaki wachache.

Ninayoileta si ya kutunga. Nusu niliiona kwa macho yangu, nusu alinisimulia Mwalimu Sesilia mwenyewe, na huyo hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Leo Morogoro manyunyu yameshinda tangu asubuhi. Nipo zangu barazani huku Mazimbu na milima yote imemezwa na ukungu. Wenyeji mnaijua hii hali: unatazama Uluguru huioni, lakini unajua ipo palepale. Nikamkumbuka mwalimu wangu.

Mwalimu Sesilia alinifundisha kusoma, shule ya misheni kule juu. Wakati huo tayari alikuwa bibi. Alikuwa amewafundisha mama zetu, na wengine mpaka bibi zao.

Umri wake hakuna aliyeujua. Alisema tu kwamba reli ya Mjerumani ilipofika Morogoro, yeye alikuwa mtoto wa kutumwa maji, na moshi wa treni aliuona kutoka mlimani. Piga hesabu mwenyewe.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutuachia, alimpa kila mtoto sentensi moja ya kwenda nayo nyumbani. Sharti ni kwamba usifungue mdomo njiani mpaka umeifikisha kwa mama yako. Ukimsalimia mtu, imedondoka.

Basi pata picha. Watoto tunashuka mlima kimya, mstari mmoja, ukungu umetufika magotini, midomo inachezacheza. Kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kujitafutia fimbo. Lakini wazee wa kule walikuwa wanatupisha njia, wanasema, "Pita mama, umebeba."

Nilidhani dunia nzima ndivyo ilivyo. Nilipohamia mjini nikajua ni kwetu tu.

Chanzo chake alitusimulia darasani siku za baridi, tumembana kama vifaranga.

Enzi za Mjerumani, Sesilia alikuwa binti pekee kijijini kwao anayesoma misheni. Mama yake ndiye aliyemkazania. Akida alikuwa akija na karatasi ya Mjerumani, anaisoma, na watu wote wanameza tu alichosema. Mama akataka awepo hata mmoja wa kuitazama ile karatasi na kusema ndivyo au sivyo.

Sesilia akavunja ungo. Mila zetu mnazijua: mwali anawekwa ndani miezi mingi, haonekani na watu. Sista wa misheni akasema sawa, atamsubiri, lakini akitoka akiwa ameachwa nyuma na wenzake, nafasi yake atapewa mwingine.

Mama akawaza. Mila imekataza mwali asionekane. Haijakataza asisikie.

Yeye alikuwa anapeleka ndizi na mboga jikoni kwa masista. Akishazitua anakwenda kukaa nyuma ya darasa, anasikiliza watoto wanavyoimba somo. Kisha anashuka nalo mlima, anazunguka nyuma ya nyumba, anaweka mdomo ukutani na kulisema lote. Ndani, Sesilia analiandika kwa mkaa.

Sasa tatizo. Somo lilikuwa la Kiswahili na yule mama alijua Kiluguru tu. Alikuwa anabeba maneno asiyoyaelewa hata moja. Akifungua mdomo kusalimia, yote yanadondoka.

Kwa hiyo akawa hasalimii.

Wakuu, Mluguru asiyesalimia! Ikaanza minong'ono. Wengine wakasema kiburi cha wazungu, wengine wakasema amerogwa, na wapo waliosema yeye ndiye anayeroga.

Ikamfikia kaka yake mkubwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Akaja na wazee wa ukoo, wakakaa uani kumsubiri. Walishakubaliana: asipojieleza, binti anahamishiwa kwa mjomba, na akitoka ndani anaolewa. Mambo ya shule yaishe.

Sesilia alikuwa anayasikia yote upande wa pili wa ukuta.

Mama akatokea kwenye ukungu na tenga tupu kichwani.

"Dada," kaka yake akamwambia, "leo utatusalimia au hutatusalimia?"

Akasimama. Machozi yakamtoka lakini mdomo hakuufungua. Kisha akawapita wazee wote, akawapa mgongo, akazunguka nyuma ya nyumba.

Wakamsikia anasema na ukuta, polepole:

"Mvua inatoka mawinguni. Maji yanashuka mlimani. Mto unakwenda baharini."

Alipomaliza ndipo akarudi, akapiga magoti, akawasalimia mmoja mmoja. Akauliza nyumbani, watoto, shamba, na magoti ya yule aliyekuwa anaumwa magoti. Salamu zetu hazina haraka.

Kaka yake akauliza, "Maneno yale maana yake nini?"

"Sijui, kaka. Mimi nayaleta tu."

Hapo sauti ya mwali ikatoka ukutani, kwa Kiluguru, "Mjomba, ni kwamba maji ya kijito chetu hiki yanafika mpaka baharini."

Mwalimu alisema wazee wote waligeuka kukitazama kijito.

Mjomba akanyanyuka. "Kuanzia leo, atakayekutana na dada yangu akishuka mlima, ampishe njia. Amebeba."

Sesilia akatoka, akarudi darasani, nafasi yake akaikuta. Vita ikaja, Mjerumani akaondoka, na yeye akabaki palepale anafundisha hadi akatufikia sisi.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa mama wa makamo. Nilimpelekea sukari na kitenge. Alikuwa kitandani, mwepesi kama mtoto, hanitambui. Akanishika mkono.

"Umekuja kuchukua?"

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Akanivuta sikio karibu. "Kamwambie mama, hakuna lililodondoka."

Mama yake amezikwa kule chini, kando ya njia ya misheni.

Nikashuka. Kijana mmoja akanipa shikamoo, sikumwitikia. Simu ikaita mkobani, nikaiacha. Mzee mmoja mwenye jembe aliniangalia mdomo tu, akaingia kwenye maharage yake kunipisha. "Pita mama, umebeba."

Nilipofika kaburini nikasema nilichotumwa, kwanza hicho. Kisha nikapiga magoti nikamsalimia, nikalia mpaka nikachoka. Mwalimu alifariki kabla masika hayajaisha.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikupita bila salamu, usiwe mwepesi wa kumhukumu. Na kama mwalimu wako bado yupo, panda mlima ukamwone.

Haya, na wewe tuambie, mwalimu wako alikubebesha nini ambacho hadi leo hakijadondoka? Nitasoma zote. Nikiwapita kimya, msininunie.