Mkwe Aliyetuzibia Njia Dar es Salaam

Kama ningekuwa natunga, nisingejiweka mimi ndani ya safari. Wanaonijua pale Ipyana, Kyela, wataapa kwa niaba yangu: mimi hata gulio la Lyulilo, penye vyungu vizuri kuliko vyote vya ziwa letu, nilikuwa naagiza watu waniletee. Nilisoma mpaka kidato cha nne, jiografia niliiweza, na nitakutajia miji mikuu ya Afrika huku nimekaa jikoni napepeta mchele. Kwenda kuiona ni kazi ya wengine. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilifika Mbeya, nikafika Dar es Salaam, na huko nikashika mkono wa koti la mtu aliyekwisha kuzikwa, niamini. Uongo wangu ungekuwa mfupi na ungeishia nyumbani.

Tena haukuwa usiku. Ilikuwa saa tano asubuhi, Kariakoo, jua linawaka na redio kumi zinapiga nyimbo kumi.

Aliyenitoa nyumbani ni rafiki yangu Sekela. Sekela ameolewa Katumba Songwe, kule mpakani, na mumewe Ambokile alikuwa amekwenda Dar es Salaam kupakua mizigo bandarini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ilianza kuuzwa mpaka vibarazani, na kila kijana mwenye mabega alisema anakwenda mjini. Mwanzoni Ambokile aliandika barua kila mwezi. Kisha zikakatika. Ukapita mwaka, ikapita nusu ya mwingine. Katikati ya kimya hicho baba yake akafa, akazikwa, mtoto hana habari. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema: mpunga ukivunwa kabla hatujasikia neno la Ambokile, naye tutamwekea matanga, na Sekela atachukuliwa na mdogo wa mumewe.

Huyo mdogo mtu alianza kumsalimia Sekela kwa sauti nyororo kabla hata mpunga haujachanua.

"Twende tukamtafute," Sekela akaniambia.

"Mimi? Mimi ni kiti, Sekela. Umeona wapi kiti kinasafiri?"

"Viti hupakiwa juu ya basi. Jiandae."

Sasa lazima nikueleze jambo moja, wewe usiye Mnyakyusa. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Sisemi anainamisha macho. Namaanisha hamwoni kabisa. Akisikia anakuja, anajifunika kanga, anaacha njia, anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Chumba alichomo haingii. Na mzee naye, kama ana heshima zake, hukohoa mapema ili mkwe apate muda wa kujificha. Mabinti wengi siku hizi wanauita ushamba. Sekela aliushika miaka tisa bila kukosea siku hata moja. Miaka tisa katika ua mmoja, na uso wa yule mzee hakuwahi kuuona! Alimjua kwa kikohozi: viwili vifupi, kimoja kirefu. Mimi nami sikuwahi kumwona. Msibani kwake nilikwenda, lakini misibani mimi huishia kwenye masufuria.

Tukaondoka. Mbeya tulifika jioni, na nakiri nilishangaa kama mtoto. Taa zimepanda mlima mpaka hujui wapi zinaishia na wapi nyota zinaanza. Baridi nayo! Sekela akanicheka kwa sababu nilivaa nguo zangu zote kwa pamoja.

Asubuhi kwenye stendi palikuwa na mabasi mawili ya Dar. Sekela akachagua lile jipya lenye mapazia. Akaweka mguu kwenye ngazi, akasimama, akajifunika kanga kichwani, akashuka mbio na kwenda kujibanza nyuma ya mama muuza maandazi.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu amekohoa humo ndani."

"Mbeya hii, Sekela? Kila mtu anakohoa."

"Viwili vifupi, kimoja kirefu."

"Mkwe wako amekufa. Wali wa msiba nilipika mwenyewe."

"Najua amekufa," akasema. "Miguu yangu haijui."

Nikapanda kuchungulia. Kiti cha pili alikaa mzee mrefu, koti la kaki, mwavuli mweusi katikati ya magoti. Alinitazama mara moja, uso mtulivu kabisa, kisha akageukia dirishani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzio asihangaike. Nimegeuka."

Nikashuka nacheka. Nilidhani ni mzee wa kwetu tu, ameona mwanamke anajifunika akaelewa. Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Hakuwa na viatu, na miguu yake ilikuwa na matope meusi mabichi mpaka kwenye ugoko, matope ya jarubani. Mbeya mvua zilikuwa zimekata wiki kadhaa. Ameyatoa wapi?

Sekela hakukubali kupanda. Tukachukua basi la pili, kuukuu, lenye viti vilivyochomoza misumari, na humo tukakaa na Bi Zuhura, mwenye duka la kanga pale Kyela mjini. Alikuwa anakwenda kwa dada yake Kariakoo. Aliposikia hatuna pa kufikia alitushika mikono: "Nyie watoto! Dar es Salaam mnaiendea kama mnakwenda kuchota maji?" Usiku ule tulilala kwa dada yake. Wakati ule niliona ni bahati.

Na Dar es Salaam, jamani. Watu waliniambia nitaiogopa. Sikuiogopa, niliipenda, na hilo ndilo lililonitia hofu. Marobota ya mitumba yanapasuliwa chini, watu wanagombea shati huku wanacheka. Televisheni zinawaka dirishani na hakuna anayezitazama! Kijana mmoja ananiuzia mchele, anaapa kwa mama yake kwamba umetoka Kyela. Nikatafuna punje moja. "Kaka," nikamwambia, "mchele huu Kyela umeisikia redioni." Akacheka mpaka akanipa ndizi.

Anwani tuliyokuwa nayo ilikuwa nyuma ya bahasha ya barua ya mwisho: Buguruni. Dada yake Bi Zuhura akatuelekeza, tukashika njia kwa miguu. Njia panda ya kwanza, Sekela akajifunika, akakata kushoto. Nikatazama kulia. Mzee wa koti la kaki amesimama kando ya muuza ndoo, ametupa mgongo, mwavuli ameufungua.

Nilijiambia amekuja na lile basi jingine. Wazee nao si husafiri?

Njia panda ya pili alisimama mbele yetu, na Sekela akakata tena. Ya tatu, vivyo hivyo. Jua lilikuwa linaunguza, visigino vinaniuma, na kila hatua tulikuwa tunaiacha Buguruni mgongoni. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilimwacha Sekela amejibanza kwenye kona, nikamkimbilia yule mzee, nikamshika mkono wa koti.

"Mzee wangu, unatupoteza. Tunatafuta Buguruni. Kama njia unaijua si utuonyeshe?"

Koti lilikuwa limelowa. Baridi yake ilikuwa ile ya maji ya jarubani alfajiri. Hakugeuka.

"Mkwe wangu siwezi kumwonyesha njia," akasema taratibu. "Nikimwonyesha itabidi anifuate, na kunifuata ni mwiko. Mimi nazuia tu, mwanangu. Inayobaki ndiyo yake."

Akauvuta mkono wake kwa upole, kama mtu anayejitoa kwenye miiba asiichane nguo. Mguuni matope bado mabichi, juu ya lami ile ya moto.

Nilirudi kwa Sekela mbio. Ningekuwa peke yangu ningepanda basi la kwanza kurudi, hata kama linakwenda Arusha. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliikunja ile bahasha, akaitia kifuani, akakaza kanga kiunoni.

"Kwa hiyo Buguruni hayupo," akasema. "Tembea. Na ufunge mdomo, nataka kusikia."

Mimi huyo Sekela nilimjua tangu tukicheza rede, lakini mwanamke niliyemfuata saa ile sikuwa nimemwona kabla. Alitembea ameinamisha kichwa, anasikiliza katikati ya honi na redio na wapiga debe, na kila kilipotoka kikohozi aligeuka upande mwingine bila kusita. Alikuwa akichungwa kama ng'ombe, na aliyemchunga hakumgusa. Tukapita Gerezani. Tukaingia Keko, harufu ya mbao mbichi, vitanda na makabati yamepangwa mpaka barabarani. Pale kikohozi kikatoka mbele. Kisha nyuma. Iliyobaki ilikuwa kichochoro kimoja kati ya karakana mbili, na mwisho wake mlango uliozibwa kwa gunia.

Sekela akapiga hodi.

"Pita, mke wangu," sauti ikajibu.

Ambokile alikuwa amekaa chini kwenye maranda, anakwangua mguu wa kigoda. Mguu wake mmoja umenyauka kama fimbo. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, wala hakuonekana kushangaa.

"Baba amekuwa hapa tangu asubuhi, anasema mko njiani," akasema. "Mlipopiga hodi akasema hawezi kukaa chumba kimoja na mkwe. Katoka kwa mlango wa uani. Mbona hamkumpa nafasi apite huku kichochoroni, kivulini? Jua kali."

Nikwambie nilikaa wapi? Nilikaa juu ya rundo la misumari, na sikuisikia.

Sekela akapiga magoti mbele yake, akamwambia neno kwa neno. Baba yako alifariki mvua za mwaka jana. Tulikutafuta, hatukukupata. Tulimzika pale migombani, upande wa mto. Ambokile akatazama mlango wa uani muda mrefu, kisha akalia kama mtoto anayelia kwa kuachwa nyuma.

Baadaye akatueleza. Robota lilimwangukia bandarini, mguu ukasagika, akafukuzwa kwenye chumba cha Buguruni, na fundi mmoja wa Keko akamhurumia. Kwa nini hakuandika?

"Ningeandika nini? Niliondoka mzima. Niliona aibu."

Sekela akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Kwani barua ulikuwa unaandika kwa mguu?"

Tulimrudisha Katumba Songwe mpunga ukiwa bado shambani. Wazee wakatafuta jambo jingine la kuzungumza, na yule mdogo mtu sauti yake ikakauka palepale. Mama mkwe wake Sekela alinivuta pembeni, mimi niliyemwona mumewe, nikajua ataniuliza mengi. Aliuliza moja: "Mwavuli alikuwa nao?" Nikamwambia alikuwa nao. "Ndaga," akasema, asante, akarudi jikoni.

Sekela hajawahi kuniuliza ule uso ulikuwaje, na hatuna siri nyingine mimi na yeye. Siku moja nilitaka kumwambia tu. Akaniziba mdomo kwa mkono wenye unga. Kaburi lile naye hulizunguka kwa mbali, kanga kichwani, mawifi wakimcheka.

Mimi sijavuka Tukuyu tangu turudi, na safari hii nina sababu. Kiganja changu cha kulia, kile kilichoshika koti, hakikauki. Kiangazi, masika, hata mbele ya moto, kina unyevu na baridi. Mchele wangu napepetea kushoto. Watu wakinipa mkono hustuka, na mimi husema ni jasho, kwa sababu nani ana muda wa kusikia habari yote hii?

Wewe umeisikia, basi shika hili. Unaweza kuucheka mwiko wa watu, nami nimecheka mwingi, lakini usiuvuke kwa mkono. Ukikutana na mzee aliyekupa mgongo katika mji usioujua, msalimie, mpe shikamoo yake kamili, na usimwombe ageuke wala usimguse. Amekuzibia pale kwa heshima. Kata kushoto, uende.