Namba Ngapi Darasani

Mjomba wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu huko Kianjokoma, lakini bado alisema na kila mtu kana kwamba yuko kwenye gwaride la asubuhi. Siku ya maombi ya kuniaga, nyumbani kwetu Kibirichia, alishika maikrofoni akatangaza kwamba naenda kusoma India na kuwa namba moja.

Mimi nilikuwa na malengo yangu, madogo tu. Nijifunze mambo ya udongo hadi niyaelewe kweli. Nipate rafiki asiye Mkenya. Na nikipotea darasani, niinue mkono niulize. Hakuna aliyetaka kuyasikia. Watu walipiga makofi, tukala, nikaondoka.

Mambo yakaniharibikia mapema. Mhadhiri wa kemia ya udongo aliongea Kiingereza kwa kasi ya ajabu, na shuleni kwetu mwanafunzi aliyeuliza sana alionekana ana madharau. Nikanyamaza. Hostelini nako nilikaa na Wakenya wenzangu, tukisonga ugali na kulalamikia pilipili ya huko. Halafu kila Jumapili baada ya ibada, Mjomba alipiga simu.

"Umekuwa namba ngapi?"

"Mjomba, hapa hawapangi namba."

"Chuo gani hicho hakipangi watu namba? Wanajuaje nani amefanya vizuri?"

"Kila mtu anapewa alama zake."

"Basi waulize wenzako alama zao, ujipange mwenyewe!"

Simu ikikatika nilitaka kulia kwa hasira. Nilimweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kiembu, nikamwomba mama amweleze, maana ni kaka yake. Jumapili iliyofuata, swali ni lile lile.

Mwisho wa mwaka nilianguka kemia ya udongo. Ikabidi niirudie. Safari hii niliketi mbele, kando ya msichana mmoja Mhindi, binti wa wakulima wa vitunguu, ambaye pia alikuwa anarudia. Mhadhiri alipoanza mbio zake nikainua mkono, nikamwambia sijaelewa. Hakukasirika hata kidogo. Alifuta ubao akaanza upya. Yule msichana akaninong'oneza, "Asante. Hata mimi nilikuwa nimepotea." Kuanzia hapo tukawa tunasoma pamoja, na mara nyingine kupika pamoja. Tulipita sote wawili.

Nilipokuja nyumbani likizo nilidhani sasa nitapumua. Wapi! Jumapili ya kwanza Mjomba alitoka Kianjokoma akiwa amevaa suti, akasimama mbele ya kanisa na kusema, "Huyu hapa mtoto wetu, namba moja huko India!"

Nikaitwa mbele. Nilikuwa nimechoka, hata sikutafuta maneno mazuri.

"Mimi si namba moja," nikasema. "Chuo changu hakina namba. Mwaka wa kwanza nilianguka somo moja kwa sababu niliogopa kuuliza. Nikarudia, nikauliza, nikapita."

Mama aliinamisha kichwa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Mjomba alitangulia peke yake, kofia mkononi. Chai ilipomiminwa akanigeukia.

"Ilikuwa lazima useme umeanguka?"

"Kwani wewe, Mjomba, hujawahi kuanguka?"

Alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa tena. "Hesabu," akasema mwishowe. "Nikiwa chuo cha ualimu. Mama yako hajui."

"Najua," mama akasema kutoka jikoni. "Nimejua miaka yote."

Nikaweka kikombe changu chini polepole, nisije nikakitupa. Zile simu zote! Mama akaanza kucheka, Mjomba akamfuata, na mimi nikakaa pale nimenuna, kwa sababu sikuwa tayari kuwasamehe haraka hivyo.

Nilirudi India nikamaliza masomo. Siku hizi napima udongo wa mashamba ya viazi huku kwetu, na nikieleza matokeo wakulima wakiitikia tu kwa vichwa, nawasumbua mpaka mmoja akubali kwamba hajaelewa.