Mama Yangu Huniita Mama

Kwetu Mbeere, msichana wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama. Mimi ndiye wa pili. Ndiyo maana mama huniita Mama, na tata, dada yake mdogo, akinikuta nimenyamaza kwenye kochi husema, "Haya, leo mama yetu ametununia." Wao hucheka. Mimi huangalia sakafu. Huyo nyanya sikumjua. Alikufa Ishiara kabla sijazaliwa, kwa saratani ya matiti, bila kutibiwa.

Mwaka huu ikamshika mama mwenyewe. Akapasuliwa, akamaliza dawa za kemo, nywele zikaanza kurudi laini kama za mtoto. Ikabaki sindano ya kila wiki tatu hapa Embu mjini. Daktari alitueleza kwamba dawa hiyo ni protini iliyotengenezwa maabara; inaishika seli ya saratani kwa nje na kuifanya ijiue. Nikauliza kama kuna seli zilizobaki, kwa sauti ndogo hadi akaniambia nirudie. Akasema hakuna anayeweza kuziona zikiwa chache, na ndiyo sababu tunaendelea.

Siku ya sindano ilipofika tena, mama hakuoga. Nilikuwa jikoni na sare ya shule, nachambua ndengu. Akaja akasimama mlangoni amejifunga leso, na jikoni yetu haina mlango mwingine. Akaongea Kimbeere, polepole, vile mtu huongea na mzazi wake.

"Mama, nimechoka. Uvimbe si ulitolewa? Nataka uniruhusu niache."

Nilidhani ni mzaha. Hakucheka. Nikamtafuta tata kwa macho pale sebuleni. Akageuza uso, akasema, "Mama, hayo ni yako na binti yako."

Niko kidato cha tatu. Mwalimu akiuliza swali, mimi hujifanya natafuta kalamu. Sasa nikisema ndiyo, ataacha kweli. Nikisema hapana, ni mimi nitakuwa nimemrudisha kwa ile sindano inayomlaza kutwa nzima. Nilitaka kumwambia mimi si mama yako, mimi ni mtoto. Lakini nikaona nikisema hivyo, hatakuwa na mtu wa kumkataza.

"Sikuruhusu," nikasema. "Enda uoge."

Akanitazama, halafu akaenda. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nikashika sinki kwa mikono yote miwili, maana alikuwa amenitii, na baada ya wiki tatu atakuja kuniuliza tena.