Kuku wa Shangazi

Juzi nilimkuta mwanangu akipanga kuizungusha familia yake mkoani kwetu kwa nauli tu. Kula na kulala ni kwa ndugu. Nikamkumbuka baba, kwetu Kwedizinga, enzi za vijiji vya ujamaa, alasiri moja akichora safari kama hiyo uani kwa kijiti: Korogwe kwa mjomba, Kilole kwa bibi, mwisho Mazinde kwa shangazi, dada yake asiyejaliwa mtoto.

Mama alikuwa akiwafunga kuku miguu. Tenga lilinuka mavi na manyoya yaliyolowa. Huyu wa mjomba, yule wa bibi, maana kwa ndugu huendi mikono mitupu.

"Na wa shangazi?" niliuliza.

Mama akajifanya hakusikia.

Balozi wa nyumba kumi akapita, akauliza tunakwenda wapi.

"Kuwasalimia ndugu tu, mzee," baba alijibu, huku akinitazama mimi.

Kwa akili yangu ya kitoto nikaelewa: zawadi ya shangazi nilikuwa mimi.

Kule Mazinde, kwenye harufu ya mkonge, shangazi alinipokea na gauni jipya lililonitosha sawasawa. Niling'ang'ania shati la baba, nikalia mpaka aliponipandisha basi la kurudi.

Kwa miaka mingi nimejicheka. Yaani hofu yote ile, kisa kuku mmoja! Juzi hiyohiyo nikamsimulia mama, ambaye sasa ni kikongwe, nikitegemea naye atacheka.

Hakucheka. Aliniuliza tu, "Nani alikwambia?"