Majina Ndani ya Beseni

Watu wa Kimanga, hapa Uvira, wanamjua Concilie kwa mambo mawili: kasiksi yake na mwandiko wake. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, alifundishwa na mama yake huko kwao katika uwanda wa Ruzizi. Mwandiko alifundishwa na masista, waliompiga vidole mpaka herufi zikakubali kusimama sawasawa. Mumewe alipofariki, kasiksi ndiyo iliyomsomesha Délice, binti yake wa pekee. Mwandiko haukumlisha hata siku moja, lakini akikuandikia jina lako, unajiona kama umepandishwa cheo.

Kisha Délice akaposwa na Emery wa Runingu, na hapo kasiksi ikageuka mwiba. Kwao Emery ni Waprotestanti wasio na mchezo. Baba yake, Mzee Basile, ni shemasi, na tangu aokoke hajaonja pombe. Kaka zake Concilie nao ni Wakatoliki wanaoamini kwamba ndoa isiyo na kasiksi ni mkutano tu. Katika kikao cha mahari pande mbili zilibishana mpaka makoo yakakauka, na mwishowe Mzee Basile akatoa neno lake.

"Mama Délice, watu wenu bakunywe yabo, hatukatazi. Lakini isionekane, na isifike mu mikono ya batu ya kanisa. Ikifika, huyu mutoto batamwita binti ya pombe mpaka azeeke."

Maneno hayo yalimchoma Concilie kuliko hesabu zote za ng'ombe. Akaenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka na dawa yake: kila mgeni atakuwa na chupa yenye jina lake. Juisi ya tangawizi kwa watu wa kanisa, kasiksi kwa kaka zake, zote katika chupa za kahawia zinazofanana, zimefungwa vizibo kwa ile mashine yake ndogo ya mkono. Kwa nje huwezi kujua nani anakunywa nini. Jina tu ndilo litakalojua.

Akakata karatasi, akapiga mistari kwa rula, akaandika. Juu jina la mgeni, chini "Délice na Emery", na pembeni ua dogo jekundu. Jina la Mzee Basile alilirudia mara kadhaa, maana mkia wa B haukumridhisha. Gundi akaipika mwenyewe kwa unga wa muhogo.

"Mama, si tuuze kole ku duka?" Délice akamuuliza. Kwetu kuuza ni kununua pia, na kole ndiyo gundi.

"Ya nini? Makaye yako yote ya masomo nilibandika na hii, na haikutoka."

Kweli haikutoka. Ila madaftari ya Délice hayakuwahi kuogeshwa.

Siku ya harusi, Concilie alikwenda kanisani akamwacha mdogo wake Ndihokubwayo, aliyetoka Luvungi na mapande ya barafu, alinde vinywaji. Ndihokubwayo ana moyo mzuri, na hilo ndilo tatizo lake. Mtu mvivu asingegusa kitu. Concilie aliporudi alikuta mabeseni mawili makubwa yamejaa maji ya barafu, chupa zimelala humo uchi kabisa, na juu yake majina yanaelea. Wino ulikuwa umeyeyuka. Yale maua mekundu yalikuwa yameyatia maji rangi.

"Yaya, nimezipozesha zote," mdogo wake akamwambia dada yake kwa furaha. "Tukaratasi tumetoka, lakini baridi iko bien."

"Ulizichanganya?"

"Si zote iko chupa?"

Concilie akakaa chini, pale pale kwenye tope. Kuonja asingeweza. Huku kwetu, kwa hofu ya karuho, ile sumu inayovunja jamaa na majirani, chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na mwenyeji huonja kwanza. Ukimletea mgeni chupa iliyokwisha kufunguliwa, bora ungemtukana. Akamtuma Ndihokubwayo kwa pikipiki akatafute soda popote. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kuketi, jua la Uvira linawachoma, na mwendesha sherehe anawasifia zile chupa zenye majina. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakupata wageni wa siku hiyo.

Chupa zikagawiwa. Hakuna anayekunywa kabla ya baba wa bwana harusi, kwa hiyo watu wote wakamtazama Concilie akimwendea Mzee Basile na kifungulio mkononi. Alikuwa amepanga kumfungulia kila mtu wa kanisa mwenyewe, aonje, na penye kasiksi atafute hila. Akafungua ya mzee, akaonja. Ilikuwa kasiksi.

Afanye nini? Akiirudisha baada ya kuionja, watasema sumu. Akisema ni pombe, imekwisha kuwa mikononi mwa shemasi. Mzee akanyoosha mkono, naye akampa, maana mkono wa mgeni haukawizwi.

Mzee Basile akanywa. Akamtazama Concilie, akaona amekibana kizibo kiganjani kama mtu anayengoja hukumu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Juisi ya mama iko muzuri. Mukunywe."

Concilie alitaka kulia kwa shukrani. Lakini neno la shemasi ni neno: nani tena angengoja kuonjewa? Vizibo vikalia kila upande. Pasta, aliyeketi karibu na mzee, alikunywa kwa kiu, akasita katikati ya funda, akachungulia ndani ya shingo ya chupa.

"Shemasi, hii ndiyo uliita juisi?"

"Pasta, ni minye..." Concilie akaanza, akijigusa kifua.

Mzee Basile akamnyamazisha kwa kiganja. "Ndiyo hii," akasema, akainua chupa yake akainywa yote, polepole, mbele ya kanisa lake. Pasta akachukua Biblia yake akaondoka.

Habari zikafika Runingu kabla ya maharusi. Hakuna aliyemtaja Délice. Walisema shemasi amelewa kwenye harusi ya mwanawe na kumdanganya mchungaji wake. Jumapili iliyofuata alivuliwa ushemasi, akakalishwa benchi la nyuma pamoja na walio chini ya adhabu. Délice ndiye aliyempigia mama yake simu akamweleza.

"Nakuya," Concilie akasema. "Nitasimama mu kanisa, nitasema yote."

"Hapana, mama. Papa Basile amesema usikuye. Amesema ukisema weye, ile jina ya pombe itarudia kwangu, na yeye amekunywa bure."