Mzamiaji wa Chiola na Koroboi ya Baba Yake

Hapa Chiola bahari hatuna, lakini mzamiaji tunaye. Ni Modest, mtoto wa jirani yangu Kornelia. Kazi yake iko Mtwara: anashuka na mitungi ya hewa hadi kwenye meli zilizozama, mita sitini na zaidi.

Mwaka jana, msimu wa korosho, alikuja likizo. Siku hizo mzamiaji mwenzake akafa huko pwani, na video ya habari ikaingia kwenye simu za watu. Muziki wa kutisha, maji meusi, mtangazaji anasema, "Wanaume wanaocheza na kifo." Kornelia akaitazama mara tatu. Kisha akafungia begi la mwanawe ghalani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Harudi huko baharini," akaniambia. "Nimezaa mtu, sikuzaa samaki."

Jioni nikaenda kwao. Tulisali kwanza, ndipo Modest akasema, "Mama, kazi yenyewe haina muziki."

"Ina nini?"

"Kuhesabu tu. Hewa naigawa mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, la tatu la shida. La kwendea likiisha nageuka, hata kama meli naigusa kwa mkono. Kupanda nako nasimamasimama, saa nzima na zaidi, mwili uzoee. Ungeniona ungesinzia."

"Na aliyekufa?"

"Alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Sikudanganyi, mama."

Nikajua hapo ameharibu. Lakini Kornelia akauliza, "Umewahi kugeuka bila kufika?"

"Mara nyingi. Mwezi wa Sita mara nne, wenzangu wakaniita bibi harusi kwa kusitasita kwangu."

Kornelia akacheka, kisha akaitazama koroboi iliyowaka mezani. Marehemu mumewe, Anselmo, alichimba visima. Kila asubuhi alitanguliza koroboi kisimani kwa kamba. Ikizimika, ujue chini hewa ni mbaya: hakuna kushuka, hata mwenye kisima anune. Watu walimwita mwoga. Alikufa mzee, kitandani kwake, amepakwa mafuta matakatifu.

"Baba yako walimwita mwoga," akasema. "Wewe wanakuita mcheza na kifo. Watu hawa hawajui kumpa mtu jina."

Akafungua pindo la kanga. "Chukua. Ila siku ukigeuka njiani, nipigie. Habari hiyo ndiyo ninayoitaka."

Mpaka leo akipigiwa, huja uani kwangu kunieleza: "Mwanangu leo kageuka njiani, hakufika." Tunamshukuru Mungu, tunaendelea kubangua korosho.