Kabla Hujashika Mrija

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo unanidunda kama wa mtu aliyedandia gari la Mbarara mguu mmoja ukiwa bado chini. Ni siku niliyoomba kuhesabiwa mtu mzima mbele ya chungu cha pombe, nikakubaliwa, kisha nikavuliwa utu uzima wangu kabla povu halijatulia.

Naisimulia kwa sababu ninyi vijana wa Misiera, hapa kambini kwetu, mlinijia Jumapili baada ya misa, mmependeza, mnaongea wote kwa pamoja, mkitaka niende nanyi kwenye mdahalo wa Mbarara nikakae upande wenu. Mnasema sheria ishushe umri wa kunywa, kutoka miaka kumi na nane hadi kumi na sita. Mlinichagua mimi kwa sababu nimesoma chuo kikuu. Nashukuru. Elimu hiyohiyo ndiyo inayonifanya niandike makala ambazo mteja wake mwaminifu kuliko wote ni mama mmoja wa sokoni anayefungia maandazi kwa karatasi zake. Lakini kabla sijawajibu, kaeni kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimerudi likizo kutoka shule ya Mbarara. Nyumbani kwetu watu walijaa mpaka kwenye migomba, maana dada yangu Spes alikuwa anatolewa mahari. Mchumba wake, Fideli, alikuwa kijana mpole wa familia yenye duka pale Rwekubo. Baba yake, Mzee Bonifasi, alikuwa na sauti kubwa na kiuno kibovu. Spes alimpenda Fideli, hilo halikuwa siri. Shida ilikuwa moja: alikuwa ameanza kusomea uuguzi Mbarara, na aliogopa kwamba akishaolewa atawekwa nyuma ya meza ya duka kupima sukari.

Asubuhi ile alinivuta jikoni. "Mimi siruhusiwi kukaa kwenye chungu," akaniambia. "Weye utakuwa karibu. Kama hawakubali nimalize shule, mahari irudi kwao. Sikiliza vizuri, umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nafikiria chungu.

Kwetu sisi Warundi neno zito halisemwi kwa kinywa kikavu. Chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kinawekwa katikati, wazee wanatumbukiza mirija yao mirefu ya tete, na lolote linalokubaliwa hapo limefungwa. Aliyevuta mrija ni shahidi. Ugomvi ukizuka kesho, haiulizwi karatasi iko wapi, inaulizwa nani alikunywa. Ndiyo maana kijana ambaye hajaoa hapewi mrija. Mimi nilijua sehemu ya mrija. Sehemu ya ushahidi ilikuwa imepita sikio hili na kutokea lile.

Msemaji wetu alikuwa Mzee Lazaro, jirani aliyesimama mahali pa baba tangu baba afariki. Alipokuwa anagawa mirija nikasimama, nimenyoosha shingo kama wakili.

"Mzee, sheria ya nchi hii inasema kumi na nane. Mimi nina kumi na tisa. Mila haiwezi kukaa juu ya sheria."

Wenzangu waliokuwa wanachungulia kwenye uzio wakapiga miluzi. Mjomba wangu akasema, "Haya, Profesa amekuja na katiba yake," na wazee wakacheka. Nikaona nimeshashinda.

Mzee Lazaro hakucheka. Alinitazama kama fundi anayekupima shati kwa macho. "Sheria imekuruhusu kunywa," akasema. "Kama unaweza kuulizwa, hilo haikulisema. Lakini sawa. Mumupatie mrija."

Mwanangu, furaha ile ungeiweka kwenye gunia, gunia lingepasuka. Nikapiga magoti, nikavuta. Pombe ilikuwa vuguvugu, chachu, inakwaruza koo kama uji uliokasirika, nami nikaiona asali. Nikainua macho kuelekea kwenye uzio, wenzangu waone vizuri kwamba ni mimi.

"Mwana," ikaja sauti ya Lazaro. "Mzee Bonifasi amesema nini sasa hivi?"

Nikafungua mdomo. Ilitoka harufu tu.

"Amesema mambo ya ng'ombe," nikajaribu.

"Ng'ombe tulishawamaliza," akasema mjomba. "Sasa hivi amesalimia wakwe. Salamu tu imekushinda, Profesa?"

Walicheka wazee, wakacheka wanawake jikoni, na uzio nao ukacheka, maana marafiki wa ujanani hawabagui wanacheka upande gani.

"Huyu amekunywa kwa macho ya wenzake," akasema Mzee Lazaro bila hasira. "Chomoa mrija. Nenda ukae karibu na Hajji."

Hajji alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa vitenge Mbarara, rafiki wa mama tangu tulipofika kambini. Alikuwa amepewa kiti cha heshima na chupa ya Fanta. Akanisogezea nafasi.

"Karibu, ssebo," akaninong'oneza, akiniita bwana kwa lugha ya wenyeji, kisha akaendelea kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa ona. Mimi nakunywa soda, mimi shahidi. Wewe nakunywa pombe, wewe si shahidi. Hiyo shule yako inasema nini?"

 Aibu ina moto wake, na ule moto ukanishukia masikioni. Nikaapa moyoni kwamba nikiulizwa tena, nitajibu mpaka wanyamaze. Ghafla nikaanza kuwasikia. Nikagundua maneno ya mahari ni kama mchezo wa mpira: mmoja anapiga, mwingine anadaka, na ukipepesa macho umekosa bao. Na lile la Spes, ambalo ndilo nililotumwa, likaja wakati huo huo. Kama ningekuwa bado na mrija mdomoni, lingepita kama nzi.

Mzee Lazaro aliuliza kama binti ataachwa amalize uuguzi kabla ya kuhamia Rwekubo. Mzee Bonifasi akakohoa, akashika kiuno, akasema: "Amalize, amalize. Mkamwana anayejua sindano ni bora kuliko ng'ombe wawili. Ng'ombe hawezi kunichoma kiuno hiki." Watu wakacheka, mirija ikavutwa, neno likafungwa.

"Mwana," akasema Lazaro. "Amesema nini?"

Nikasimama, nikayatoa yote. Nikakohoa mahali alipokohoa, nikashika kiuno mahali aliposhika. Safari hii walicheka nami badala ya kunicheka, Mzee Bonifasi akicheka kuliko wote. Hajji akagonga chupa yake kwenye mguu wa kiti. Nikarudishiwa mrija. Nilivuta mara moja, macho yangu yakiwa kwa msemaji.

Ungedhani yameisha. Maharage yakavunwa, na Mzee Bonifasi akatujia na uso mwingine. Duka lilikuwa limepanuka, mkewe ana miguu mibaya, mikono haitoshi. Alitaka Spes ahamie mara moja.

"Na shule?" akauliza mama.

"Shule ilikuwa maongezi tu, mama Spes. Watu wakinywa wanaongea mingi."

Spes alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sare yake nyeupe ya uuguzi, ameikunja kwenye viganja kama nguo inayokamuliwa maji.  Alinitazama mimi.

Mzee Lazaro akaita waliokunywa. Mjomba akasema anakumbuka kitu kama hicho, ila hawezi kuapa. Mzee mwingine akasema, kwa ukweli unaostahili heshima, kwamba anakumbuka nyimbo tu. Hajji alikuwa safarini na vitenge vyake. Lazaro mwenyewe alikuwa msemaji wetu, na msemaji hajitolei ushahidi.

"Amebaki Profesa," akasema.

"Huyu?" akauliza Mzee Bonifasi. "Si ndiye aliyenyang'anywa mrija?"

"Ndiye. Na alirudishiwa. Unakumbuka kwa nini?"

Magoti yakinigongana, mwanangu, nikasimama. Sikubishana wala sikutaja sheria. Nikakohoa. Nikashika kiuno. Nikasema, "Amalize, amalize. Mkamwana anayejua sindano ni bora kuliko ng'ombe wawili."

 Mjomba akapiga paja lake: "Na ng'ombe hawezi kumchoma kiuno! Nimekumbuka sasa." Na yule mzee wa nyimbo naye akakumbuka. Nikaona mabega ya Mzee Bonifasi yanaanza kutikisika. Mtu anaweza kukana ahadi yake, lakini ni vigumu kukana kichekesho chake.

"Hayo ni maneno yangu," akasema, akifuta macho. "Kiuno hiki ndicho kilisema. Basi, amalize."

Spes akajifunika uso kwa ile sare, na mama akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje.

Alimaliza. Leo ni muuguzi, mke wa Fideli, mama wa watoto wanaonishinda kwa kelele. Mzee Bonifasi amezeeka sana, na hakubali sindano ya mtu mwingine. Kila akichomwa analalamika kwamba ni kumbukumbu yangu ndiyo inamuumiza.

Basi jibu langu ni hili. Wazee wenzangu wanasema mrija usubiri ndoa; hapo nawapinga, niko upande wenu ninyi vijana: mtu wa miaka kumi na tisa aliweza kuulizwa akajibu, hakuwa na mke wala mbuzi. Mila yetu ishuke ikutane na sheria. Lakini sheria yenyewe isishuke. Muuza duka hawezi kupima masikio ya mteja, kwa hiyo lazima awe na namba ya kushika, na kumi na nane ni ndogo ya kutosha. Mimi kwa kumi na tisa nilikuwa bado nakunywa kwa macho ya uzio. Kwa kumi na sita ningekunywa uzio wenyewe. Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga, na si kwa kuwachukia watoto.

Mwanangu, usiulize tu una miaka mingapi. Jiulize ni nani kesho ataweza kukuegemea kwa ulichosikia leo. Kama yupo, na akili yako itakuwepo, kaa kwenye chungu. Kama unakwenda ili uonekane, kunywa Fanta na Hajji. Ahadi za watu ni deni, na deni linahitaji mtu aliyekuwa macho.

Mbarara nitakwenda nanyi. Ila zamu yangu ikifika, kabla sijatoa hoja, nitamgeukia mmoja wenu na kuuliza: aliyemaliza kusema sasa hivi, amesema nini?

Mungu akupe masikio mapana kabla hajakupa mrija mrefu. Akupe dada wa kukutuma na mzee wa kukuuliza. Na siku jina lako litakapoitwa mbele za watu, magoti yakigongana, ulimi wako usigongane nayo.